Nyumba ya Siku ya Pili

Katika mji ule jua halikuwa na adabu. Liliweza kuchomoza mara mbili kabla watu hawajanywa chai, na siku nyingine likasimama utosini kama mtu aliyesahau alichotumwa. Mji wenyewe haukuwa na jina. Ulikuwa nalo zamani, lakini aliyelijua aliogopa kulitamka, na alipokufa alikwenda nalo. Basi watu wakauita "hapa". Kwingine kote wakakuita "huko", na huko hakuna aliyekwenda.

Nyumba ya Siwatu ilikuwa ya mwisho upande wa hapa.

Mama yake Siwatu alizika watoto kadhaa kabla ya kumpata yeye. Alipozaliwa akamwita jina hilo, ili kifo kikipita kikiuliza nani wamelala humu, kijibiwe kwamba waliomo si watu. Kifo, kama wakubwa wengi, husoma majina tu, hakiinui shuka kutazama. Kikasoma, kikapita. Hivyo Siwatu alikulia ndani ya neno kama wengine wanavyokulia ndani ya nyumba, akajua mapema kwamba kuna maneno yanayofunga na maneno yanayofungua.

Neno lililofungua lilikuwa karibu.

Siku ile alikuwa ameketi juu ya mbuzi, anakuna nazi. Vuai, mumewe, alikuwa ametoka kwenda kutazama mpaka wa shamba. Jembe lake aliliacha nyuma ya mlango, maana hakwenda kulima. "Narudi sasa hivi," alisema. "Nazi hiyo haitakwisha kabla yangu." Mlangoni pakalia hodi. Siwatu hakuuliza nani. Hakuinua hata kichwa. Aliitika kwa sauti ya mtu mwenye nyumba na mume na nazi mkononi: "Karibu! Karibuni ndani, mlango haukufungwa!" Wakaingia wanaume watatu, kofia mikononi, na hakuna aliyekaa. Mwenye habari njema hutafuta kwanza pa kukaa. Vuai, walisema, aliketi kivulini apumzike kidogo. Hakuinuka.

Hapo ndipo Siwatu alipokosea, na ni kosa ambalo wangeweza kulifanya watu wa lugha yake tu, lugha inayotumia neno moja kwa mambo mawili. Anayempokea mgeni husema karibu. Na kitu kisichokuwa mbali nacho kiko karibu. Yeye alidhani amesema ingieni. Kumbe, alijiambia, kifo kilikuwa kimesimama uani hakijui kiende upande gani, kikamsikia mwenye nyumba mwenyewe anakiita: sogea. Lau angenyamaza. Lau angekuwa kisimani. Wale watu wangepiga hodi tatu kama adabu inavyotaka, wangekosa jibu, wangegeuka na habari yao. Na habari isiyopokelewa ni kama mzigo uliokosa mwenyewe: hurudishwa ulikotoka. Vuai angekuwa bado yuko njiani. Angekuwa anarudi sasa hivi.

Walimwambia kwamba Vuai alikwishakata roho kabla yeye hajafumbua mdomo. Siwatu aliitikia kwa kichwa, akashukuru kwa pole zao, na hakuamini hata neno moja.

Wale watatu walikunywa maji wakaondoka. Lakini walioingia walikuwa wanne.

Wa nne hakuwa na sura. Alijua tu kukaa. Alikaa kwenye kigoda cha Vuai, akalala upande wa Vuai, akawa wa kwanza kunawa na wa mwisho kunyanyuka kwenye sinia. Siwatu alimwita Mgeni kwa kukosa jina jingine. Mwanzoni alikuwa mpole kuliko majirani wote. Mlango ulipobishwa na kifua cha Siwatu kikaanza kutwanga, Mgeni alimshika bega akasema: usiende, mimi nitasikiliza. Siwatu akabaki alipo. Aliyebisha akachoka akaondoka. Kifua kikatulia, na utulivu ule ulikuwa mtamu kama maji ya mtungi. Hakuona kwamba kila alipotulia yeye, Mgeni alinenepa. Hakuona kwamba kila mlango aliokataa kuufungua ulimpa Mgeni chumba kimoja zaidi.

Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Siwatu aliujua msemo huo kama alivyoujua uso wake. Kila alipoamka alimuuliza: "Leo siku ya ngapi tangu uingie?"

"Ya pili," Mgeni alijibu.

Na kesho yake: "Leo siku ya ngapi?"

"Ya pili."

Nywele zake zikaanza kuota mvi, na ilikuwa siku ya pili. Mize, binti yake wa pekee, akavunja ungo, akaposwa, akatoka kwa dirisha la nyuma na shela yake kwenda kuolewa, kwa sababu mama yake hakuweza kuuona mlango ukifunguliwa, na ilikuwa siku ya pili. Jembe la Vuai lilisimama mahali pake nyuma ya mlango, likaota kutu, na buibui wakalifanya nchi yao.

Baada ya mlango zikafuata njia zote za kuufikia mlango. Siwatu aliacha kupita ukumbini. Kisha akaacha kusikia: kila kitu kilichogonga kilikuwa hodi. Kinu cha jirani kilikuwa hodi. Tone la maji kwenye sufuria lilikuwa hodi. Moyo wake mwenyewe ulikuwa hodi, na huo hakuwa na pa kuukimbia. Kisha hofu ikaingia mdomoni ikaanza kupekua maneno. Hakusema tena mvua iko karibu, alisema mvua haiko mbali. Hakuwa na ndugu wa karibu, alikuwa na ndugu wasio wa mbali. Chakula kilipokuwa kinakaribia kuiva alinyamaza mpaka kiive. Mtu akijizuia neno moja, maneno jirani nayo huanza kutazamana kwa wasiwasi.

Msimcheke. Hakuwa peke yake. Mji mzima wa hapa ulijengwa hivyo. Alikuwepo mtu aliyeogopa kina, basi visima vikafukiwa. Mwingine aliogopa kimo, basi ghorofa zikashushwa, na ngazi zikawa kuni. Mwingine manyoya yalimtoa jasho, kuku wakachinjwa wote, na tangu hapo hapakuwa na wa kuliambia jua liamke. Kila mmoja alikuwa mkweli. Hakuna aliyejifanya, jasho ni jasho. Lakini ukizijumlisha kweli zao zote ulipata kuta tupu, na vichochoro vyembamba ambamo mtu hupita ubavu ubavu akiomba asikutane na mwenzake. Wakuu wa mji waliliona hilo wakafurahi. Waliwaondoa askari wote malangoni. Mtu aliyejifungia mwenyewe, walisema, analindwa na mlinzi asiyelala wala kudai posho.

Na nani alikuwa akitawala hapo? Swali hilo liliulizwa mara moja, na aliyeliuliza akaogopa mwangwi wake.

Siku hiyo, ya pili kama zote, alikuja Bi Mwatima kwa dirisha la nyuma. Mwatima aliogopa mbingu. Hakuogopa mvua wala radi. Aliogopa mbingu yenyewe, ule uwazi usioshikiliwa na kitu. Alitembea na ungo kichwani, akiambaa na kuta kama mjusi.

"We Siwatu! Umelala au ndiyo umeshakwenda zako?"

"Nipo, shoga yangu."

"Nimesimama hapa mpaka miguu inaota mizizi, na kupokewa sipokewi. Haya, najipokea mwenyewe. Starehe, Mwatima. Ahsante, Mwatima, za kwako?"

Siwatu alicheka, kicheko chembamba cha kuazima. "Uondoe basi huo ungo nikuone uso. Mbingu haijamwangukia mtu hata siku moja."

"Aliyeangukiwa amerudi kukusimulia?" Mwatima aliushika ungo kwa mikono miwili. "Haijaanguka kwa sababu mimi najikinga. Mngenishukuru badala ya kunicheka. Na wewe hilo komeo lako limezuia nini?"

"Hakuna kilichoingia."

"Ehee! Basi mimi na wewe kichaa kaonana na mwenzake."

Walicheka tena, safari hii wote wawili. Kisha sauti ya Mwatima ikashuka. "Nimekuja na neno, mwenzangu. Mize yuko njiani. Amejifungua."

Siwatu alishika ukingo wa dirisha.

"Mumewe amepata kazi huko, nyuma ya vilima. Wanahama leo. Atapita akuonyeshe mtoto, na mimi ni mdomo tu, maneno ni yake. Atapiga hodi tatu. Alikuja alipokuwa na mimba ya kwanza akapiga tatu, wewe kimya. Alikuja alipozika, akapiga tatu, wewe kimya. Leo akikosa jibu hatarudi kubisha mlango wa mama asiyekuwepo."

"Nipo."

"Mimi najua upo. Mlango ndio haujui."

"Mwambie aje hapa dirishani."

"Mtoto mchanga apitishwe dirishani kama mali ya wizi? Siwatu! Mize kazika wawili. Huyu hata jina hajampa. Anasema jina atalitoa bibi yake, maana bibi ndiye anayejua majina yanayokipita kifo."

"Yuko wapi sasa?"

"Yuko kar..."

Siwatu alikwishaziba masikio. Mwatima alingoja mpaka mikono ile ishuke. Kisha akasema taratibu, kama anayemlisha mgonjwa: "Hayuko mbali, mwenzangu. Hayuko mbali kabisa." Akautengeneza ungo wake akaondoka, ubavu ubavu, akiipa mbingu kisogo.

Hodi ya kwanza ilikuja kabla vumbi lake halijatua.

"Hodi! Hodi wenyewe!"

Sauti ilikuwa ya Mize. Siwatu aliijua, aliizaa mwenyewe. Lakini mwili hausikilizi ni sauti ya nani. Ulimi ulikauka ukashikana na kaakaa. Ukumbi, uliokuwa hatua chache tu, ulirefuka mbele yake ukawa njia nyeupe isiyo na mti, na mwisho wake mlango mdogo kama ukucha. Alitembea. Alitembea akawa msichana mwenye nywele za matuta, anaogopa kwenda msalani peke yake. Alitembea akawa mtoto wa siku saba, na mama yake anamnong'oneza sikioni: wewe si mtu, mwanangu, wewe si mtu. Alitembea akawa kikongwe, na sasa yeye ndiye aliyekuwa nje, anabisha, na ndani kuna mwanamke kijana anakuna nazi, hainui kichwa. Alitaka kumpigia kelele: nyamaza! Usiniitikie! Mwanamke akafumbua mdomo.

Alipozinduka alikuwa hajaondoka dirishani.

Mgeni alisimama kati yake na ukumbi, mnene, amejaza mlango wa chumba.

"Kaa," alisema Mgeni. Alisema kwa sauti ya Siwatu mwenyewe. Hakuwahi kuwa na nyingine. "Kaa, nitasikiliza mimi. Unajuaje kuwa ni Mize? Na wale watatu sauti zao zilikuwa za watu wazuri. Ni Mize? Haya, ni Mize. Kashika mtoto. Ukisema neno lile, nani atasogea? Umewahi kulisema kwa mtu mmoja akaja mwingine. Kazika wawili. Unataka wa tatu umwite wewe? Nyamaza umwokoe. Nyamaza, atakwenda zake, atakuwa mzima, atakuwa yuko njiani. Aliye njiani hafi. Si unajua? Aliye njiani..."

"Anarudi sasa hivi," alisema Siwatu.

"Ndiyo. Kaa."

Na angekaa. Maneno yale yalikuwa na utamu uleule wa maji ya mtungi. Lakini mtoto alilia nje.

Hakikuwa kilio kikubwa. Kilikuwa kama bawaba inayotaka mafuta. Siwatu alijikuta akikumbuka kitu ambacho Mgeni hakuwahi kumruhusu akikumbuke: kwamba siku ile, kabla ya hodi, alikuwa ameacha kukuna. Alikuwa ameinua mkono kwa sababu kivuli cha mtu mmoja mwembamba kilipita dirishani, kikikimbia, na mguu mmoja bila kiatu. Mtu alikuwa anakuja mbio na habari. Habari ilikuwa tayari ina miguu kabla neno halijatoka. Alikuwa amelijua hilo siku zote. Alilificha, kwa sababu kama si neno lake lililokiita kifo, basi hapakuwa na neno lolote ambalo lingekizuia. Hatia ilikuwa na mlango. Hili la kutoweza lolote halikuwa na mlango.

Hiyo ndiyo hofu yenyewe, akaitazama. Haikuwa ya mlango. Mlango ulikuwa nguo tu ambayo hofu ilivaa ili ipate kukaa na watu.

"Hodi," ilisema sauti ya Mize, ya pili, na safari hii ilikuwa imechoka. "Mama. Jua kali. Hodi."

Siwatu alipita kwapani mwa Mgeni akaingia ukumbini. Hakupata ujasiri wowote; msidhani. Alikwenda akitetemeka kama majani, akishika ukuta, meno yanagongana, na Mgeni nyuma yake amemkumbatia kiuno anaburutwa. Alifika mlangoni. Komeo lilikuwa baridi. Alifumbua mdomo aseme neno.

Neno halikuja.

Alilitafuta kooni, kifuani, tumboni. Alilipata, lakini limeota kutu kama lile jembe. "Ka," alisema. "Ka." Alingoja hodi ya tatu ili aijibu kwa namna yoyote, hata kwa kukohoa. Haikuja. Akasikia kitambaa kinafungwa upya mgongoni, mtoto anarushwa kidogo ili akae vizuri. Akasikia kandambili zinageuka juu ya kokoto.

"Anaondoka," alisema Mgeni kwa furaha. "Umeona? Hata ya tatu hakuipiga. Twende tukalale, bado mapema, leo ni..."

Hapo Siwatu akapiga kelele. Hakuchagua neno. Lilitoka lile lililokuwa limejaa masikioni mwake miaka yote, lililomgonga usiku na mchana mpaka likawa la moyo wake.

"Hodi!"

Mwenye nyumba, ndani ya nyumba yake mwenyewe, anabisha mlango wake kwa ngumi, anapiga hodi kwa dunia.

"Hodi! Hodi wenyewe! Hodi huko nje!"

Kandambili zilisimama. Pengine Mize alidhani mama yake amepatwa na wazimu. Pengine ndivyo ilivyokuwa. Lakini alikuwa amelelewa vizuri, na mtu aliyelelewa vizuri akibishiwa hodi kinywa chake huitika kabla ya akili.

"Karibu," alisema Mize. Kisha, kwa sauti iliyovunjika katikati: "Karibu, mama. Karibu nje."

Hakuna aliyekufa. Siwatu alingoja, akiwa amekaza mabega kama mtu anayesubiri ukuta umwangukie. Neno lilisimama hewani, likazunguka, halikumwita yeyote ila yeye. Akavuta komeo.

Jua lilimpiga usoni kama kofi la mtu anayekupenda. Mize alikuwa amekonda. Alikuwa na mikunjo miwili pembeni mwa mdomo ambayo mama yake hakuiona ikichongwa. Hawakukumbatiana. Mize alimfungua mtoto mgongoni akamtoa mbele, naye Siwatu akampokea kwa mikono iliyotetemeka hivi kwamba mtoto alifumba macho akidhani anabembelezwa.

"Mbona hukupiga ya tatu?" aliuliza Siwatu.

"Niliogopa," alisema Mize. "Nikipiga ya tatu ukanyamaza, ingekuwa nimekwisha kujua. Bora nikaondoka nimebakisha moja."

Siwatu alimtazama binti yake kwa muda mrefu. Kumbe alikuwa amemrithisha.

Nyuma yake Mgeni alikuwa amesimama kizingitini, hatoki, haingii. Nje pale alionekana mdogo, lakini bado alikuwepo. Alikuwa amemkazia mtoto macho. "Na mimi je?" alisema.

"Leo siku ya ngapi?"

"Ya pi..."

"Hesabu vizuri."

Siwatu, mtoto akiwa begani, alinyoosha mkono wa kulia nyuma ya mlango, akawapangua buibui, akalitoa jembe la Vuai. Mpini ulikuwa bado na mahali palipolainishwa na viganja vyake. Alishika hapo mara moja tu. Kisha akampa Mgeni.

"Mama, unaongea na nani?" aliuliza Mize.

"Na mtu wa nyumbani. Anakwenda shamba."

Mize alisogea. "Jina, mama. Njia ni ndefu, na sitaki aingie huko bila jina. Mpe jina la kukipita kifo. Jina baya. Takataka, Sijui, lolote."

Moyo wa Siwatu ulianza kutwanga upya. Aliyajua majina hayo yote. Yalikuwa tayari mdomoni, yamepangwa kama vyombo. Yeye mwenyewe aliishi ndani ya mojawapo, na alikuwa hai, na hakuwa mtu.

"Vuai," alisema.

"Mama! Jina hilo kifo kinalijua."

"Kinalijua," alisema Siwatu, na meno yalikuwa bado yanagongana. "Na sisi tunalijua. Mwite kwa sauti, nisikie."

Mize alitazama kulia na kushoto, kama watu wote wa hapa. Kisha akaita. Na nyuma yao, penye kizingiti, jembe lilianza kupiga ardhi, pigo moja, halafu jingine, likitafuta mahali pa kuanzia.